Bi Nukta Amwokoa Mlinzi wa Mafaili

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, hata wewe unayejifanya unasoma barua pepe! Nawasimulia vita vya Bi Nukta, fundi wa programu, simba jike wa ghorofa ya tatu, mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, ambaye miezi minne alimlea Mlinzi ndani ya kompyuta kuu ya ofisi: programu isomayo njia ya kila faili, folda hadi folda, kabla ya kuamua nani afungue na nani arudi alikotoka.

Ole wake! Kila alasiri kumbukumbu ya kompyuta ilijaa pomoni, ikazimia. Mkuu wa ofisi akatoa hukumu: "Ikizima tena leo au isizime, saa kumi namtoa huyo Mlinzi wako. Nimechoka."

Bi Nukta moyo ukampasuka, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akajifunga kibwebwe, akafuata nyayo za adui hadi mezani kwa Karani wa Masjala, jemadari wa kuweka folda ndani ya folda.

"Ewe mwana wa mafaili," akanguruma, "folda hii waiitaje?"

"'Ripoti ya mwisho'. Ndani yake iko 'Ya mwisho kabisa'. Halafu 'Hii sasa ndiyo yenyewe'. Halafu 'Usiguse'. Ziko kama thelathini hivi, dada. Kwani vibaya?"

Ndipo ukweli ukamchoma. Mlinzi, kabla ya kuichunguza njia ya faili, huazima kipande cha kumbukumbu aiandike humo, kisha hukirudisha. Njia ya karani, kwa urefu wake, haikuenea. Mlinzi akaazima kipande kikubwa zaidi, na kile kidogo akasahau kukirudisha. Mara elfu kwa saa! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mlezi alikuwa yeye. Aibu ikampanda hadi masikioni, akamweleza karani yote.

"Kwa hiyo kosa si folda zangu?"

"Hasha, ewe mwingi wa majina! Kosa ni langu, na upanga ni wangu!"

"Sawa, ila punguza sauti. Watu wanafanya kazi."

Zilibaki dakika tisa. Wengine waliangusha ngome. Yeye aliandika mstari mmoja: rudisha cha kwanza ndipo uazime cha pili. Akaipakia programu upya, akakaa bila kupumua.

Saa kumi ikafika, kompyuta imesimama imara. Mkuu, mezani kwake, akanyoosha mkono amtoe Mlinzi. Ila kwanza, kwa umbea tu, akajaribu kufungua faili la malalamiko ya wafanyakazi juu yake; Mlinzi akamrudisha alikotoka.

"Nani kanifungia faili la malalamiko?" akafoka, mlango ukiwa wazi.

Ofisi nzima ikageuka. Sasa angemtoaje Mlinzi bila kila mtu kudhani ni ili ayasome malalamiko yale? Akakohoa, akasema kwa unyonge, "Basi abaki."

Wakashangilia hadi ghorofa ya nne wakagonga sakafu. Nanyi andikeni, enyi wanahistoria: ulimwengu una zama mbili, kabla ya mstari ule na baada yake.