Ombi la Kusimamisha Neno Zito Kabla Mjukuu Hajafika

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali vuta kiti, maana nina mengi, na nimefunga saluni mapema ili niyaandike bila mteja kunichungulia begani.

Mimi ni kinyozi. Nanyolea watu katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu: viti viwili, kioo chenye ufa, na benchi la wanaosubiri. Gazeti lako nalinunua kila asubuhi kwa ajili ya benchi hilo, na sijawahi kukulalamikia. Hata siku ile mlipotabiri mvua, wateja wangu wakaja na makoti mazito wakalowa jasho kitini pangu, nilimeza tu. Lakini kwa ile safu yenu ya ukurasa wa ndani, Neno Zito la Leo, mnapotoa neno moja gumu la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, visawe vitatu na mwisho kabisa kinyume chake, maji yamenifika shingoni.

Mfuasi mkubwa wa safu hiyo ni mama yangu mzazi. Hakuwahi kufundishwa Kiingereza, na kwa miaka yote hakikumpunguzia usingizi. Kilichombadilisha ni mjukuu. Dada yangu anaishi ng'ambo, binti yake ana miaka tisa na anajua Kiingereza tu, na shule zikifungwa mwezi ujao watakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Mama hajawahi kumshika mtoto huyo hata mkono. Anachotaka ni kuzungumza naye yeye mwenyewe, mdomo kwa sikio, bila mimi kukaa katikati nikitafsiri huku mashine ya kunyolea ikinguruma. Ni haki yake, na mimi nilimuunga mkono. Nilimletea kitabu cha watoto chenye picha za kikombe, kijiko na paka. Akanirudishia. Alisema umri wake haumruhusu kuanzia kwenye kikombe. Yeye ataanzia pale wasomi walipoishia. Kisha akachukua gazeti lako.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mama hukata Neno Zito kwa mkasi wangu wa kazi na kulibandika kwenye kabati la vyombo. Nyuma ya Neno Zito ninyi huchapa matokeo ya mpira. Kwa hiyo benchi langu limejaa watu wazima wanaobishana juu ya mechi ambayo matokeo yake yamegundishwa kifudifudi jikoni kwa mama. Juzi fundi bomba mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliomba kwa unyenyekevu aruhusiwe kubandua neno lenye maana ya furaha iliyopitiliza ili ajue kama timu yake ilifungwa. Mama alimwambia angoje lianguke lenyewe.

2. Visawe. Nyumbani kwetu mtu haruhusiwi tena kusema kitu mara moja akanyamaza. Mama anadai ni lazima kuizoesha akili, hata kwa Kiswahili. Nikisema nimechoka, ananidai visawe vitatu. Nimesema niko hoi, niko taabani, nimekwisha. Halafu akadai kinyume. Nikasema, nimepumzika. Akajibu kwamba kama nimepumzika basi nichukue ndoo nikateke maji. Nilikwenda, Ndugu Mhariri. Ungefanya nini?

3. Vinyume, na hapa ndipo shida yenyewe ilipolalia. Kwa kuwa ninyi huchapa kinyume mwishoni, mama anaamini kwamba neno lisilofungwa kwa kinyume chake halijaisha, ni kama shati lisilo na vifungo. Basi hutamka neno, visawe vitatu, na kumalizia kwa kinyume, kwa sauti, huku akitabasamu. Jirani yetu mwalimu wa sekondari alipojifungua, mama alikwenda kumwona mtoto. Alimwinamia yule malaika akamwambia kwa Kiingereza kwamba ana uzuri wa kupumbaza macho. Akaongeza visawe vyote vitatu, na mwalimu akawa anatoa machozi ya furaha. Kisha mama akafunga kwa kinyume. Mwalimu kile Kiingereza anakijua barabara. Mpaka leo akipita mbele ya saluni anageuza shingo upande wa pili, na mumewe ananyolewa mtaa wa pili.

4. Mama alikuwa na goti linalomsumbua. Goti moja tu, la kushoto. Pale zahanati akakuta daktari kijana anayependa kuongea Kiingereza, mama akaona huyu ndiye. Aliulizwa anasikia nini, akatoa neno lenye maana ya maumivu yasiyovumilika. Daktari akaandika. Mama akatoa kisawe cha kwanza, daktari akaandika. Cha pili, akaandika. Cha tatu, akageuza karatasi. Mpaka hapo mama yangu alikuwa na magonjwa manne. Ndipo akamalizia kwa kinyume, akamwambia, kwa uso mkunjufu, kwamba anajisikia raha ya peponi. Daktari aliweka kalamu chini akamtazama sana. Tulirudi nyumbani na goti lilelile, chupa nne za dawa, na miadi ya kuonana na mtaalamu wa vichwa. Mama anaitaja miadi hiyo kwa majivuno. Anasema daktari amegundua kichwa chake si cha kawaida.

5. Katika mkutano wa kamati ya maji ya mtaa wetu, mama alisimama kumpongeza mwenyekiti. Alimpa neno lenye maana ya mtu mwenye busara nyingi. Anayejua Kiingereza pale alikuwa karani mstaafu, ambaye alikuwa anasinzia, akazinduka kinyume kilipofika. Watu walimtaka atafsiri, naye akatafsiri alichokisikia, yaani zumbukuku. Mwenyekiti akajiuzulu palepale, akaondoka na kiti chake. Wajumbe wakaona mama mwenye kuthubutu namna hiyo, tena kwa lugha ya kigeni, ndiye anayetufaa. Sasa mama yangu ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba la mwisho wa mtaa bado ni kavu, ila siku hizi ukavu wake unatajwa kwa maneno manne.

6. Hili la mwisho nalieleza bila mzaha. Jumapili iliyopita mama aliomba simu azungumze na mjukuu wake peke yake. Wiki nzima alikuwa akijiandaa. Nilimsikia jikoni akirudiarudia, sufuria kwa sufuria. Alioga, akavaa gauni lake la kutokea, kwa simu isiyo na picha. Mtoto alipopokea, mama akamwambia neno lile la furaha iliyopitiliza. Akampa visawe vitatu bila kukwama. Halafu, kama mlivyomfunza, akampa kinyume, yaani huzuni isiyofarijika. Mtoto akasikia bibi yake, ambaye hajawahi kumsikia bila mjomba, anamwambia kwa sauti tamu maneno asiyoyajua, na katika yote akaambulia hilo la mwisho. Akaangusha simu, akamkimbilia mama yake akilia kwamba bibi anakufa. Dada yangu akanipigia mimi roho mkononi.

Mama aliikalisha simu mapajani. Akaniambia ni mtandao. Nilijua si mtandao, na yeye alijua najua. Kesho yake hakukata gazeti, matokeo ya mpira yakabaki mazima, na hakuna mtu kwenye benchi aliyefurahi. Mimi ninaogopa, Ndugu Mhariri. Naogopa huyo mtoto atashuka kwenye gari, mama atasimama mlangoni na gauni lake, atafungua mdomo, na mtoto atajificha nyuma ya sketi ya mama yake. Mama yangu anajua kusema kwa Kiingereza kwamba mtu ni mlafi aliyekubuhu. Hajui kusema karibu ule. Anajua neno la kuaga dunia kwa heshima. Hajui kusema njoo ukae hapa karibu yangu.

Kutokana na hayo, naomba, nasihi na kusisitiza kama ifuatavyo.

Kwanza, Neno Zito lisimamishwe mara moja mpaka mtoto aje na aondoke. Mahali pake pawekwe Neno Jepesi: kikombe, njoo, kula, lala, mkono wako uko wapi. Mkiona aibu gazeti zima kuandika kikombe, semeni ni kosa la mtambo.

Pili, ikishindikana kabisa, kinyume kichapwe mwanzoni. Hapo mama atamwanza mtu kwa matusi, lakini angalau atamwacha na sifa.

Tatu, safu iwe na onyo kama lile la kwenye chupa za dawa: iwekwe mbali na mabibi.

Nne, mkikataa yote matatu, nitakutarajia wewe mwenyewe nyumbani kwetu siku ya kupokea wageni. Utasimama kati ya bibi na mjukuu, ukitafsiri kutoka Kiingereza kikubwa kwenda Kiingereza kidogo, asubuhi hadi jioni, kwa muda wote watakaokuwepo. Chakula kipo na kunyolewa ni juu yangu. Uje na viatu vya kusimamia, maana mama akishika neno haliachii haraka.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapanga kurasa, mchora katuni, anayepika chai, na hasa mwandishi wa michezo, mwambie tunamsoma pale tunapoweza. Msalimie pia huyo anayechagua maneno mazito. Sina chuki naye. Nataka tu kumjua kwa sura.

Wako katika mashaka, wasiwasi, kiherehere na (mama amepita nyuma yangu akasema nisiache nusu) utulivu,

Kinyozi wa chumba cha mbele,
mwana wa mwenyekiti wa kamati ya maji

Tanbihi: Nilikuwa nimesimama na bahasha mkononi, ulimi nje nataka kuilamba, simu ikaita. Alikuwa ni mtoto mwenyewe. Kumbe baada ya kunyamaza kulia alimtajia mama yake yale maneno kama alivyoyasikia ili amwandikie, akayatafuta moja moja, akayapeleka shuleni, na kuna mawili yaliyomshinda hata mwalimu wake. Sasa hakuna mtoto darasani mwenye bibi kama wake. Alikuwa anataka neno jingine.

Mama alikimbia kwenye kabati na goti lake. Alisoma neno kwa sauti. Mtoto akarudisha visawe viwili, mama akampa cha tatu, na kinyume wakakitamka pamoja kwa kelele, wakacheka mpaka nikasikia kicheko cha mtoto nikiwa nimesimama huku mlangoni. Nimekuwa nikimtafsiria mtoto huyo tangu ajue kushika simu na sikuwahi kumsikia akicheka. Waliendelea mpaka chaji ikaisha. Kikombe hakikutajwa hata kidogo.

Kwa hiyo tafadhali futa namba moja hadi sita, pamoja na maombi yote manne. Safu isisimame hata siku moja. Jumapili msipotoa gazeti, mtutumie neno kwa simu, tena lile zito kuliko yote mliyo nayo, na lisikose kinyume. Mambo ya mpira tutaulizana njiani.

Ila kuna jambo moja limetushinda, na ndilo pekee waliloniita nitafsiri. Mtoto aliuliza kinyume cha bibi ni nini. Mama alipekua kabati zima, hakikuwepo. Mimi nikasema ni mjukuu. Mama amekataa katakata. Anasema hicho ni kisawe.