Nakukumbusha Tu, Chef

Jumatatu, 6 Oktoba

Madame Mukandori, mkubwa wetu, kapiga simu asubuhi. Ijumaa anakuja hapa depo ya samaki Rubona, na siku hiyo miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha. Anataka kila mtu wa depo aandike imihigo yake: ahadi tatu za kazi, kwa mkono wake, na saini. Akikuta kila mtu kabeba mzigo wake, uchef, ukubwa wa depo, ni wangu moja kwa moja. Akikuta nimeibeba yote mimi, narudi kwenye mizani kupima sambaza, dagaa wetu wa ziwani, kama zamani.

Mana yanjye, Mungu wangu! Mke wangu Iradukunda keshatangaza kwaya nzima. Kaka yake anavuka kutoka Goma Jumapili kuja kunipongeza!

Nikagawa karatasi: Wellars wa stoo, Habib dereva, Kabatesi wa vichanja vya kuanikia. Nilisema kwa sauti nzito. Baada ya dakika kumi Wellars huyo. Chef, mi sina mwandiko muzuri. Nikamwambia aiache mezani, nitaitazama. Dakika mbili tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikulala. Lakini nimepata mbinu! Nimebandika sheria mlangoni: anayeleta tatizo alete na jibu lake. Nikaketi, nikanywa chai ikiwa bado moto. Mara ya kwanza tangu Julai.

Saa nne, Habib. Tatizo: pancha, na mteja wa Goma anangoja mzigo mpakani. Jibu: chef aende mwenyewe kwa fundi, maana fundi anamheshimu chef. Bon. Sheria kaifuata, ningesema nini? Nikaviringisha tairi hadi kwa fundi, na suruali yangu ya kanisani. Kurudi, nakuta karatasi ya Habib juu ya ile ya Wellars. Tupu zote mbili.

Kabatesi hajaleta chochote. Hajauliza chochote. Nimemwona anaandika, anafuta, anaandika tena. Huyu mama anakitaka kiti changu, naapa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mbinu ya pili: wasiponiona, watajitatulia wenyewe. Nikajificha nyuma ya magunia tangu asubuhi. Saa tatu Wellars kaingia, kaketi juu ya gunia, kasema bila hata kugeuka: nakukumbusha tu, chef, turubai imetoboka na mawingu iko juu ya ziwa. Nikamuuliza kajuaje niko hapa. Kasema viatu vyangu vinaonekana.

Mvua ikaja kweli. Nimeshona turubai mwenyewe, nimelowa hadi soksi. Wellars alishika mwavuli, sitaki kumwonea. Ulimfunika zaidi yeye.

Nikakimbia vichanjani kumwokoa Kabatesi. Nikamkuta na wenzake wanakula mihogo, sambaza zote zimeshaingizwa ndani, kavu. Asante chef, tumemaliza. Tumemaliza! Bila hata kuniuliza! Iliniuma sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Madame ni kesho! Karatasi mbili bado tupu, na mimi karatasi tupu siwezi kumwonyesha. Donc nimeziandika mwenyewe, pamoja na yangu. Nimeandika vizuri hadi nimejisikia fahari. Turubai halitavuja. Tairi halitakosa upepo.

Nikawaita waweke saini. Wakasema mdogo hamtangulii mkubwa: chef aanze, wao watafuata. Adabu ya namna hii ni nadra siku hizi! Nikaanza. Kumbe nilikuwa nimechora mstari mmoja tu wa saini kwenye kila karatasi. Wakasema basi, imejaa, wakaenda zao. Sidhani kama Madame ataangalia jambo dogo hivyo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kaangalia.

Karatasi ya Wellars: saini yangu. Ya Habib: saini yangu. Yangu: yangu. Ya Kabatesi mwandiko umepinda kama njia ya kupanda mlima Cyanzarwe, makosa matano, na saini yake mwenyewe. Madame akamuuliza Wellars kazi yake hapa ni nini. Akajibu palepale, kwa moyo safi: kumkumbusha chef. Na Habib? Kumuita chef.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Kasema kwa upole nimkabidhi Kabatesi funguo. Zilikuwa tisa. Moja ilikuwa ya baiskeli ya Wellars, sijui niliipokea lini.

Iradukunda kaniwekea chakula. Nimelia kidogo. Aibu ya Jumapili nitaiweka wapi?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kwenye mizani. Shemeji nilimwambia jana nimejiombea kazi nyepesi kwa sababu ya mgongo. Kaniombea dua ndefu.

Kabatesi ni chef mbaya, Mungu anisamehe. Leo mizani imekwama, nikaenda kumwambia. Kaniuliza mimi ninaonaje. Kisha ananitazama tu, anangoja jibu langu! Ikabidi nirudi nikaitengeneze mwenyewe. Imepona, sawa, lakini huo ni msaada gani? Mimi nilikuwa nasikiliza watu.

Kagawa karatasi mpya za imihigo, kila mtu aandike yake, na Ijumaa anazikusanya. Nilikuwa nimefika mstari wa pili wa yangu, Wellars huyo, uso umemwanguka. Chef mpya kakataa kumwandikia. Yoo, maskini! Mtu mzima na mwandiko wake ule! Nikamwambia aiweke hapo kando ya mizani. Dakika mbili tu. Ya Habib iko chini yake.

Yangu itangoja kwanza. Bila mimi sijui hii depo ingekuwa wapi. Kesho Wellars atapita kunikumbusha.