Subira Avishwa Pete

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi: siwezi kufumba jicho moja. Nina miaka kumi na sita. Nikifumba la kushoto, la kulia linafuata kama mbuzi waliofungwa kamba moja, na mdomo unakwenda upande. Muhula uliopita kijana wa darasa la jirani alinikonyeza. Nikajibu. Akaniuliza kama naumwa kichwa.

Sasa aibu hiyo inanitafutia balaa. Mama Mkubwa, dada yake mama, analinda shamba la mbegu dhidi ya nguruwe mwitu. Silaha yake ni bunduki ya marisau, ya bei ya chini kuliko cherehani yake, inayomeza risasi moja tu. Anaiita Subira. Anaivunja katikati kama avunjavyo muwa, anatia risasi, anafunga, tak! Nikimwona hivyo natamani kukua haraka. Mara nyingi hupiga hewani tu, na nguruwe wanakumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

Leo ametangaza: Jumamosi, atakayelipiga kopo la mafuta atakaa naye kwenye kibanda cha ulinzi shambani likizo nzima, ajifunze kazi. Atakayekosa atakwenda dukani kwa Baba Mdogo, kupangusa masinki ya choo anayouza na kukaribisha wateja. Kukaribisha! Mimi ambaye nikisikia hodi naingia uvunguni.

Mshindani wangu ni binamu, mtoto wa Mjomba. Tunamwita Injinia tangu alipotengeneza pasi. Pasi hiyo sasa hupoa ikichomekwa. Lakini jicho analifumba vizuri, kama anayeshusha pazia.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi yangu ya jioni ni kumpaka Subira mafuta. Risasi zinafungiwa kwenye sanduku la chuma na ufunguo haumtoki Mama Mkubwa shingoni, kwa hiyo Subira hunilalia mapajani akiwa mtupu kama mtungi wa kiangazi. Leo nimemchunguza. Kwenye ncha ya mtutu ana kishanga cha shaba cha kulengea. Nyuma hana kitu! Fizikia tumesoma, kwa lugha ile nyingine ya shuleni: nukta moja haifanyi mstari, zinatakiwa mbili. Na mtu anayechungulia kwenye tundu, jicho la pili la nini? Lifumbwe, lisifumbwe, shauri yake. Nimepata dawa.

Kilengeo cha kwanza: vijiti viwili vya kiberiti juu ya chingamu. Kiliishi mpaka sisimizi walipopata habari. Mama Mkubwa alikuta msafara unaingia mtutuni, akauliza nimewaalika kwa shughuli gani. Nikasema sijui. Akapuliza mtutu, akaenda zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Kilengeo cha pili: kifungo cha sketi ya shule. Kina matundu manne. Nimelenga kopo lililo dirishani, nikaona makopo manne. Nikachagua la tatu, halafu nikasahau la tatu ni lipi. Sketi sasa inashikwa na pini.

Injinia akanikuta. Akasema bunduki si blauzi. Akataka nifumbe jicho basi, aone. Nikasema nina vumbi machoni. Yote mawili? Yote mawili. Akaondoka akipiga mluzi, anatembea kama ameshahamia kibandani.

Jioni, ushindi. Nimepata washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati ya baiskeli. Tundu moja, duara kama mwezi. Nimeifunga kwa mpira wa tairi pale mtutu unapoanzia, karibu kabisa na uso. Utadhani ilizaliwa hapo. Kusema kweli, nimejivunia.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa jicho moja.

Mama Mkubwa alituweka nyuma yake, akaangalia kila upande, akachora mstari ardhini kwa kisigino. Ndipo akaiona washa. Akainua bunduki juani.

"Subira kaolewa lini?"

Injinia alicheka mpaka akakaa chini. Nikajitetea kwa fizikia, nusu kwa lugha hii, nusu kwa ile. Mama Mkubwa alisikiliza yote, hakunikatiza. Kisha akasema mtoto akililia wembe, mpe, akachagua risasi dhaifu kuliko zote.

Injinia alitangulia. Akataka washa itolewe kwanza, yeye hashiki mke wa mtu. Akafumba jicho kwa madaha. Kichuguu cha nyuma ya kopo kikapoteza sikio. Kopo halikutikisika.

Zamu yangu. Washa ikarudi. Tunduni kopo lilionekana kubwa kama ndoo. Nikasema moyoni, kwaherini masinki. Nikafyatua. Subira alirudi nyuma kama punda aliyechokozwa, na pete yake ikanibusu juu ya jicho. Kopo liko palepale. Unyusi hauko palepale.

Mama Mkubwa hakucheka. Alinikanda kwa kitambaa cha maji baridi, akavua washa, akaitia mfukoni mwangu kama anayemrudishia mtoto gololi. Akapakia risasi. Akamuuliza Injinia kama alikumbuka kununua chumvi, na huku anauliza, Subira akapanda begani, kopo likaruka! Macho yake yote mawili yalikuwa wazi, matulivu, kama anayetazama mgeni aliyemngoja siku nyingi.

"Nani aliwaambia mfumbe jicho?"

Nikasema watu wote.

"Watu wote hawalindi shamba. Mimi kufumba jicho moja sijui tangu nizaliwe. Mama yako vilevile. Subira anataka macho mawili, mwanangu. Na hayo unayo."

Mama Mkubwa pia! Tutarudia Jumamosi ijayo. Injinia anajizoeza mbele ya kioo kuacha macho wazi, lakini akilenga kidole, pazia linashuka lenyewe.

Jumapili, 10 Agosti

Jicho limevimba kama andazi, limejifunga kabisa. Asubuhi yote nimetafakari maneno ya Mama Mkubwa. Hakuna mtu mwenye akili kama yeye duniani. Kosa langu nimeliona. Subira anataka macho mawili, na mimi nikafunga washa moja!

Baiskeli ya Injinia iko uani, haina mlinzi. Sasa haina hata washa. Nitazifunga mbili ubavu kwa ubavu, kama miwani. Subira ataolewa mara mbili, lakini mwenye kosa si yeye.

Ndara koridoni. Ufunguo unagongana na vifungo vya gauni. Ni yeye, anakuja kunikanda jicho. Karatasi chini ya godoro, washa mdomoni. Najifanya nimelala. Leo natakiwa kufumba jicho moja tu, lingine limeshajifu—