Maombi ya Kuiongezea Mashine ya Kuchajia Muda wa Salamu

Hajra Adamu Hamza,
Kidato cha Tatu,
Mlandizi, Kibaha.
Jumamosi, 17 Mei 2025.

Mkurugenzi,
Tulivu Vifaa vya Ujenzi,
Mlandizi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mama Bertha,

Shikamoo. Natumaini salamu hii imekukuta ukiwa na nafasi ya kuitikia. Kama huna nafasi, itikia baadaye, kwa kuwa karatasi haihesabu sekunde.

Nakuandikia kuhusu mashine ya kuchajia uliyoisimamisha mbele ya duka lako, ile inayolipwa kwa kugusisha kadi. Babu yangu, Mzee Hamza, mwenye bajaji ya umeme ya kijani, huchaji hapo kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Mimi hukaa kiti cha nyuma na kitabu changu hadi amalize kulipa, kisha hunivusha barabara niende shule. Zamani alimlipa mfanyakazi wako Jenifa pale dirishani, naye Jenifa alipokea huku akiuliza habari za mihogo. Tangu Machi ni kadi tu. Unachomeka waya, unabonyeza kitufe, mashine inaandika GUSISHA KADI, halafu inaanza kuhesabu kutoka ishirini kurudi chini. Ikifika sifuri kadi haijagusa, inalia na kuandika MUDA UMEKWISHA. ANZA UPYA.

Wiki hii babu ameshindwa kuchaji siku nne. Siyo kwamba hajui. Kila anapobonyeza kitufe, mtu anapita, na babu hawezi kumwacha mtu apite hivi hivi. Akimaliza na huyo, anaanza upya, na mwingine amefika. Alhamisi alikata tamaa akaondoka na chaji ya juzi, ikamwishia njiani kwenda kijiji cha Janga. Abiria wake, Bi Saida, alishuka na kusukuma gari alilolilipia nauli, akiwasalimia watu wa mashambani huku na huku kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Jioni yake, tukimenya mihogo, babu alisema: "Mjukuu wangu, mwisho wa mwezi bajaji nampa baba yako mdogo Dulla. Mimi narudi Marui. Kule hata mbuzi anasubiri nimalize kusalimia."

Mama, Marui ni Kisarawe, na shule yangu haiko Kisarawe. Wazazi wangu wanalima Janga, nami naishi kwa babu ili nisome. Babu akiondoka nitapelekwa hosteli, kwenye bweni la wasichana arobaini ambao, kwa uchunguzi wangu, wote wanaongea. Zimebaki wiki mbili. Kwa hiyo naomba nieleze malalamiko yetu kwa mpangilio.

1. Sekunde ishirini hazitoshi. Nimepima kwa saa yangu ya mkononi kwa siku tano. Salamu fupi kuliko zote ilikuwa ya Onesmo, katekista, aliyekuwa anawahi misa: "Shikamoo mzee." "Marahaba, hujambo? Nyumbani hawajambo? Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie namsalimu." Sekunde arobaini na nane, na hapo Onesmo alikuwa anatembea kinyumenyume. Ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu Joel, mstaafu, dakika sita na sekunde kumi. Ilihusisha mvua, bei ya mbolea na ndama wawili. Sidhani kama aliyeitengeneza mashine hii aliwahi kumsalimia mtu mwenye ndama.

2. Mahali pa kugusishia kadi pako upande wa kushoto. Mtu aliyesimama kati ya bajaji na mashine anaweza kupafikia kwa mkono wa kushoto tu. Babu hajawahi kumlipa mtu kwa mkono wa kushoto na anasema hataanza na umri huu. Inabidi ageuke mzima, awape mgongo watu wote wa barabara kuu, jambo ambalo linamlazimu kuomba radhi, na radhi hiyo nayo ina muda wake (nimepima, sekunde tisa).

3. Lugha ya mashine. Maneno "Muda umekwisha" hayafai kuambiwa mtu mzima, tena kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza babu aliyasoma mara mbili, akauliza: "Huyu mtoto wa nani?" Mlinzi wako, kaka Hilario, akacheka akasema: "Mzee, lipa kwanza, salimia baadaye." Alisema kwa nia njema, lakini babu alirudisha kadi mfukoni. Napendekeza mashine iandike hivi: "Samahani mzee, naona una mazungumzo. Ukimaliza utanikuta hapa hapa." Nimehesabu herufi na zinaenea kwenye kioo zikipangwa mistari mitatu.

4. Mashine haijui umri. Inampa babu, mwenye miaka sabini na moja, sekunde zile zile inazompa kijana wa bodaboda ambaye salamu yake yote ni kunyanyua kidole gumba. Naomba kila mtu aliyevuka miaka arobaini aongezewe sekunde moja kwa kila mwaka uliozidi. Babu atapata thelathini na moja juu ya ishirini, jumla hamsini na moja. Ukitoa salamu ya Onesmo, zinabaki tatu, na kadi inahitaji mbili. Moja inayobaki ni ya kupumua.

5. Siyo salamu zote ni sawa. Jumanne Bi Yosefina alikuja kumpa babu habari ya msiba wa shemeji yake. Babu alikuwa amemshika mkono na mashine ikawa inahesabu tisa, nane, saba nyuma ya mabega yao. Bi Yosefina alianza kuongea haraka haraka. Mama, hakuna mtu anayepaswa kuharakishwa kwenye habari kama ile. Naomba vitufe vitatu: SALAMU YA KAWAIDA, KUNA MGONJWA, na KUNA MSIBA. Kikibonyezwa cha tatu, namba zizimwe kabisa, na ingefaa taa ya kijani ya mashine nayo ipungue mwanga.

6. Kama mafundi watasema mashine haibadiliki, basi itabidi barabara ndiyo ibadilike. Nimepima hatua sitini kila upande wa duka. Mtu anayetembea kawaida huzimaliza kwa sekunde arobaini na nane, ambazo ni salamu moja ya Onesmo. Naomba vibao viwili mwanzoni mwa hatua hizo, vimeandikwa: MBELE KUNA MZEE ANALIPA. ANZA KUSALIMIA HAPA. Mpita njia ataanza kwa sauti akiwa mbali, babu ataitikia bila kugeuka, na wakikutana kwenye mashine watakuwa wamefika "mwambie namsalimu". Kwa Mwalimu Joel kibao kitahitaji kuwekwa hatua mia nne na zaidi, karibu na stendi. Nafahamu kwamba watu walio katikati watadhani anawasalimia wao na kuitikia, na wengine nao watasalimiana wakati wanangoja zamu, kwa hiyo huenda ikahitajika kamati ndogo ya kupanga zamu kila asubuhi. Niko tayari kuandika kanuni zake, ila siwezi kuwa mwenyekiti kwa sababu mwenyekiti huongea mbele za watu.

Mama Bertha, sipingi maendeleo. Bajaji yenyewe haina kelele, na babu husema uzuri wake ni kwamba unaweza kumsalimia mtu bila kuizima. Ninachoomba ni mashine iliyo kimya namna hiyo iwe pia na subira namna hiyo, kabla ya tarehe thelathini na moja.

Tafadhali nisalimie dada Jenifa, na kaka Hilario, na fundi aliyekuja kuifunga mashine ingawa simfahamu jina, na watoto wako wote, na mfanyakazi anayepanga mabati nyuma. Babu naye anakusalimu, na ameniagiza nikuulize kama mgongo umepoa.

Ni mimi mwenye heshima na saa ya mkononi,
Hajra A. Hamza

Tanbihi, Jumatatu.

Barua hii nilikusudia kuileta leo mwenyewe na kuiacha dirishani bila kuonekana. Sasa sina budi kuongeza mambo machache.

Asubuhi babu alibonyeza kitufe, na Mwalimu Joel akatokea. Babu akahamishia kadi mkono wa kushoto ili ampe wa kulia, akauweka ule wa kushoto mgongoni, kama afanyavyo kila siku. Mama, kile kiti cha nyuma ninachokaa kiko hatua moja kutoka kwenye ule mgongo. Kadi ilikuwa inanitazama usoni. Imekuwa ikinitazama tangu Machi, nami nimekuwa nikigeuza kurasa. Ukweli ambao sikuuandika hapo juu ni kwamba anayesimama kwenye mashine ndiye anayesalimiwa, na mimi nilikuwa nimekaa.

Mashine ilipofika kumi na moja nikashuka, nikaichukua kadi, nikaigusisha. Sekunde mbili. Babu hakugeuka, aliendelea kuuliza habari za ndama mpaka zilipokwisha zote. Aliponivusha barabara akasema: "Kumbe una mikono, Hajra." Tulipofika ng'ambo akaongeza: "Marui nitakwenda Idi, nitakaa siku tatu. Wewe kesho usisahau kushuka." Baba mdogo Dulla ameshapigiwa simu na kuambiwa atafute bajaji yake mwenyewe.

Lakini nilipokuwa bado nimesimama pale na kadi, Mama Vailet wa maandazi alinishika bega: "Hajra! Umekuwa mkubwa hivi! Hujambo? Unashika namba ngapi darasani? Mbona huji kututembelea?" Sikujua nianze na swali lipi. Nikaonyesha kioo kwa kidole, ingawa kilikuwa kimeshaacha kuhesabu, nikasema: "Samahani mama, mashine inanihesabia." Akaniachia palepale, tena akaniambia pole.

Kwa sababu hiyo naomba kwa heshima uyafute malalamiko namba moja hadi sita. Vibao visichongwe. Maandishi ya MUDA UMEKWISHA yabaki, na kama kuna herufi kubwa kuliko zile, yaandikwe kwa hizo. Sekunde ishirini zinatosha kabisa. Na fundi akipita tena huku kwetu, muulize tafadhali kama anaweza kuzishusha zikawa kumi.