Taarifa ya Mwisho ya Mradi Mkuu wa Pilipili Ndefu

Mheshimiwa mke wangu, mwenyekiti wa kudumu wa nyumba hii. Mheshimiwa shemeji, uliyekalia kiti pekee chenye mgongo. Binti yetu mpendwa, mkuu wa kitengo cha vidonge na vipimo vya presha. Ndugu mito miwili mnaonishikilia nisianguke. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Shemeji anapiga makofi. Mke anakunja shuka.)

Nimesimama mbele yenu, kwa maana ya kulala, kutoa taarifa ya utekelezaji wa Mradi Mkuu wa Pilipili Ndefu Nyekundu, ambao mimi, mkurugenzi wake wa kwanza na wa mwisho, niliubuni, nikauasisi, nikauratibu kwa mkakati shirikishi na kuufikisha, kwa takwimu nilizoziandaa mwenyewe, kwenye mafanikio ya asilimia mia moja na nne. Tuliahidi miche elfu arobaini, kikaushio cha kisasa, na kinu cha kusaga unga mwekundu utakaofika kwenye kila sufuria, pamoja na chafya zake.

(Vicheko. Binti anamwomba mzungumzaji apumue.)

Nitapumua baada ya ajenda hii. Mnaijua picha ile ukutani, mimi nikilia mbele ya wakaguzi, na gazeti likaandika kwamba mkurugenzi aliguswa na shida za wakulima. Ndugu wajumbe, sikuguswa na shida za mtu. Wakaguzi walikuwa njiani, na shambani palikuwa na mistari mitatu ya miche ya biringanya niliyoazima kwa jirani. Nikaenda nyuma ya jikoni, nikachuma pilipili zote za mke wangu huyu kwenye mche wake mmoja ndani ya debe la rangi, nikazifunga kwenye biringanya kwa uzi, kisha nikajifuta jasho machoni kwa vidole vilevile. Pilipili ile huning'inia. Zangu zilisimama kama mishumaa. Wakaguzi wakanipongeza kwa aina mpya.

(Shemeji anacheka hadi anakohoa. Mke ameacha kukunja.)

Sasa kifungu kigumu. Miongoni mwa pilipili hizo zilikuwamo tano zilizoachwa zikauke mtini kwa ajili ya mbegu, mbegu ya marehemu mama mkwe. Mche ulikuwa mzee, haukuzaa tena. Alipouliza, nilijibu kiofisi kwamba zimeliwa na ndege. Miaka thelathini na moja mwenzangu anafukuza ndege kwa ufagio, nami nakunywa chai. Daktari amenipa wiki chache, na sitaki kuondoka na jambo hili. Naomba radhi, bila viambatisho.

(Mke: "Mzee, ndege gani anayebeba na uzi wa cherehani yangu?")

Hoja imepokelewa. Ufagio ulikuwa wa nini basi?

(Mke: "Nilikuwa nakukumbusha." Anamlisha kijiko cha supu. Mzungumzaji anatokwa machozi. Safari hii pia ni pilipili. Mke: "Mbegu nilishamgawia dada yangu, kabla hujapata hicho cheo.")

Kwa hayo machache, kaulimbiu yetu: pilipili kwanza, biringanya baadaye. Namshukuru kwa dhati mwenye debe lile la rangi, kwani huo ndio uliokuwa mradi wote. Mwingine haukuwahi kuwepo. Na kwa kuwa mbegu yake bado inazaa kwa dada yake, natangaza mafanikio, kwa mara ya kwanza bila takwimu.

(Mke: "Haya, fungua mdomo.")