Tumbo la Mpira Limenitoa Dirishani

Leo nimeumbuka, jamani. Hapa mtaani Makorora walisema nitarudi kutoka Malesia na begi la nguo tu. Nikarudi na diploma ya ufundi (ipo ukutani, kwenye fremu). Wakasema sitaweza kutengeneza hata feni. Nikatengeneza tumbo! Tumbo la mpira laini, lenye koo na utumbo, linalojikunja na kusaga chakula kama lako. Pampu ya umeme inasukuma hewa, lenyewe linafanya kazi.

Leo mkuu wa chuo cha uuguzi amekuja kuliona. Akilipenda, napata kazi ya kuwatengenezea wanafunzi wake. Asipolipenda, nabaki na fremu.

Nikafunga mapazia. Nikalilaza tumbo mezani, nikalifunika shuka jeupe. (Mbwembwe zangu.)

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, tuonyeshe."

Nikashika swichi. Umeme ukakatika hapo hapo! Nyumba nzima kimya.

"Usijali, mama. Bila umeme, huu ni mpira tu. Umekufa."

Shuka likainuka.

Taratibu, kama kifua cha mtu anayeamka. Likanguruma, likashuka, likainuka tena. Nikaitazama pampu: imelala. Nikachomoa waya. Likanguruma zaidi. Kisha ikaja harufu ya iliki. Harufu nzuri isiyo na mwenyewe! Sisi watu wa pwani tunajua ni ya nani: ya jini.

"Kijana, hii ni kawaida?" mkuu akauliza, kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumjibu kitaalamu. Ikatoka Ayatul Kursi. (Nikakosea katikati.)

Koo likajinyanyua chini ya shuka, likanigeukia, likacheua. Bwaa! Kitu cheupe, cha vuguvugu, usoni pangu. Nikapiga ukelele, nikatoka dirishani na pazia lake, nikatua kwenye beseni la nguo za jirani.

Shangazi yangu akaja mbio kutoka jikoni. "Baba, nisamehe! Nimelitilia rojo la vitumbua asubuhi. Mgeni anakuja, tumbo limelala tupu. Si aibu hiyo?"

Rojo lenye hamira na iliki! Lilikuwa linaumuka humo muda wote.

Mkuu akachungulia dirishani, akanitazama nilivyokaa kwenye povu.

"Tumbo tunalichukua," akasema. "Wewe tutakufikiria."

Msicheke. Shangazi ameshanicheka kwa niaba yenu nyote.