Thumuni ya Balozi

Balozi hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake. Hata nje ya mji alitoka mara chache, na mara zote alikuwa anakimbizwa. Lakini jina lake tusilionee wivu, alilitolea jasho. Hakuna aliyekujua ughaibuni kama yeye. Angekusimulia baridi ya huko mpaka ukaanza kutafuta sweta, kisha akakusimulia mishahara ya huko mpaka ukaanza kutafuta pochi. Pochi ndiyo aliyokuwa akiingojea.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye benchi la studio ya picha za pasipoti, mahali alipopapenda kuliko nyumbani kwake. Mtu anayepigwa picha ya pasipoti ana safari na ana wasiwasi, na Balozi alikuwa mfanyabiashara wa wasiwasi. Akaingia binti mwembamba, blauzi imenyooshwa pasi mpaka ukosi umesimama wenyewe. Nyuma yake alikuja shangazi yake, fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Dada, nitazame mimi, usitazame viatu," mpiga picha alisema kwa mara ya tatu.

"Ndivyo alivyo huyu," shangazi akajibu, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Kapata kazi yake ya kwanza, nje huko, kufundisha hesabu. Chuo kizima hakuna aliyemfikia kwa namba. Ila sasa mweke mbele ya watoto! Kwenye mazoezi alifundisha kipindi kizima kaugeukia ubao. Anageuka, darasa tupu, wametokea dirishani. Na huko anakokwenda mwezi wa kwanza ni wa majaribio. Akishindwa wanamrudisha."

"Shangazi, jamani," binti akanong'ona.

Balozi alifumba macho kidogo kama mtu aliyewekewa sahani mezani. Kisha akainuka.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kuingilia. Huyu binti ameshapita Darasa la Majaribio la Kimataifa?"

"Marahaba, baba. Darasa la nini?"

Balozi akatikisa kichwa kwa majonzi. "Basi mnamtuma hivihivi!" Akaeleza, polepole, kwamba yeye anao wanafunzi maalumu, waliofunzwa utundu wa ng'ambo kwa vitendo. Mwalimu akiwamudu hao, anapewa cheti na anapanda ndege bila hofu. Asipowamudu, anajaribu tena katika ngazi inayofuata, kwa ada ndogo tu.

"Na asipowamudu tena?"

"Ngazi ni nyingi, mama," Balozi akasema, na hilo ndilo neno la kweli pekee lililomtoka siku ile.

Wanafunzi wenyewe aliwakusanya jioni katika chumba cha nyuma ya ghala la magodoro. Walikuwa watatu. Kifua, pande la mtu, kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya Balozi bila kusema kitu. Machozi, mama wa makamo, aliweza kulia machozi ya kweli wakati wowote na kwa ajili ya marehemu yeyote. Na Kiziwi, mzee aliyesikia vizuri kuliko wote isipokuwa anapoulizwa swali.

"Kazi ni moja," Balozi aliwaambia. "Asifaulu. Kila akishindwa, shangazi mtu analipa. Mgawo ni uleule wa siku zote. Mimi nachukua nusu, yaani mbili. Nyinyi kila mmoja thumuni, yaani nane. Nane, ndugu zangu! Mimi najinyima."

"Na kinachobaki?" Machozi aliuliza.

"Cha ofisi," Balozi akasema, akiligonga kopo la bati lililokuwa miguuni pake.

"Ofisi ni nani?"

"Ofisi ni ofisi."

Kifua alimtazama bosi wake kwa huruma. Miaka yote hiyo mtu anachukua mbili na hajalalamika hata siku moja.

Kesho yake shangazi alikaa kwenye kiti mlangoni, akalikagua darasa. "Mbona mwanafunzi huyu ana ndevu?"

"Huko nje watoto wanakula vizuri, mama."

Binti aliingia na chaki mkononi. Akawaona watu watatu, kila mmoja wa rika la wazazi wake, na malezi mema yakamponza palepale.

"Shikamooni," akawaambia wanafunzi wake.

"Marahaba!" darasa likaitikia, na kipindi kikawa kimekwisha. Kifua alirusha karatasi. Machozi aliangua kilio kwamba namba saba inamkumbusha mtu. Kiziwi aliomba arudiwe kila sentensi, na kila iliporudiwa sauti ya mwalimu ilipungua, mpaka ikabaki midomo tu inayochezacheza. Mwishowe binti akageukia ubao, akamalizia somo lake huko. Balozi aliandika "Ajitahidi" kwenye karatasi yenye mhuri, akapokea ada ya ngazi ya pili.

Ngazi ya pili ilikwenda vilevile, tena Kifua alilala usingizi wa kweli. Ya tatu shangazi aliilipa kwa kuuza cherehani yake ya akiba. Hakumwambia binti, lakini binti aliona pembe ya chumba iko wazi, na vumbi limebaki na umbo la miguu ya meza. Usiku hakulala. Aliona haya, halafu akakasirika, na hasira ilimfaa kuliko haya, kwa maana ndege yake ilikuwa inaondoka keshokutwa.

Siku ya tatu aliingia na tikiti maji kwapani na kisu cha jikoni.

Hakusalimia. Aliliweka tikiti juu ya meza na kuanza kukata, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, ulimi nao ukasahau kuogopa. "Hili ni moja. Nikikata hapa, nusu. Nusu nikiikata kati, robo. Robo nikiikata kati, thumuni. Nani anataka thumuni?"

Mikono mitatu ikaruka juu. Hata Kiziwi alilisikia swali hilo.

Mwalimu akawapa. Kifua alikitazama kipande chake, akakigeuza upande wa pili, labda kingine kimejificha nyuma.

"Mwalimu, nimeomba thumuni."

"Ndiyo hiyo."

"Hii? Thumuni si nane?"

"Ni kipande kimoja, baada ya kugawa vipande nane sawa. Ukizidi kugawa, kipande kinazidi kuwa kidogo."

"Na mtu anayechukua nusu?"

Mwalimu akambebesha nusu ya tikiti iliyobaki. Ilijaza viganja vyote viwili vya Kifua, na hilo si jambo dogo.

Machozi alianza kulia, na safari hii hakuwa amepanga. Kiziwi akasogeza kiti mbele. "Rudia hapo kwenye thumuni, mwanangu. Nakusikia vizuri sana."

"Hiyo ni hesabu ya zamani," Balozi akadakia kutoka mlangoni. "Ng'ambo wameshaibadilisha."

"Nyamaza, mwalimu anafundisha," Kifua akamwambia bila kugeuka. Halafu yule mtu mzima, baba wa watoto wanne, akasimama wima. "Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza."

"Marahaba," mwalimu akasema, akiwa amesahau kabisa kuona aibu. "Uliza."

Kifua aliuliza, na katika kuuliza akamwaga yote. Akataja nusu, akataja thumuni, akataja ofisi, na mwisho, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akataja na agizo la kwamba mwalimu asifaulu. Shangazi akainuka na kiti chake mkononi. Balozi akaona ni heri ale kona.

"Balozi," mwalimu akaita. "Njoo ubaoni."

Hakupaza sauti. Balozi alikuwa amewahi kuitwa na polisi, na wadai, na mke wake wa kwanza, akawapiga chenga wote. Lakini kuna namna ya kuitwa ubaoni ambayo mwili unaikumbuka kabla ya akili. Akaja. Akapokea chaki. Nyuma yake Kifua akaufunga mlango taratibu.

"Tunaanza na mabano," mwalimu akasema. "Ndani ya mabano weka fedha yote ya shangazi. Iweke mezani, kisha tuendelee."

"Mwalimu, mabano hayo si lazima..."

"Mabano kwanza."

Balozi akaiweka mezani. Shangazi aliihesabu, akaweka kiti chini, akaketi tena kusikiliza somo.

"Sasa kazi zenu za zamani. Ulichukua nusu. Nusu ni thumuni ngapi?"

Balozi akajikuna shingo. Akachora duara, akaligawa, akahesabu vipande kwa ncha ya chaki. "Nne."

"Ongeza na ya ofisi."

"Tano."

"Mko wanne, mnafanya kazi sawa. Haki yako ni robo. Robo ni thumuni ngapi?"

"Mbili," Balozi akasema, na jasho likaanza kumtoka, maana alikuwa mtu mwepesi wa akili na alishaona njia inaelekea wapi.

"Tano toa mbili."

"Tatu."

"Na hizo tatu ni za nani?"

Balozi aligeuka polepole. Kifua, Machozi na Kiziwi walikuwa wameketi kwa adabu, mikono juu ya meza. Angeweza kudanganya. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo ya kumtosha uzee wote. Lakini jibu lilikuwa limesimama pale ubaoni kwa mwandiko wake mwenyewe, na lilikuwa zuri.

"Kila mmoja moja," akasema.

"Sahihi!" Mwalimu akachora alama ya vema iliyovuka ubao mzima. "Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Kisha wakapanga foleni, wakachukua kila mmoja chake, kopo la ofisi likabaki jeupe ndani. Balozi alikuwa amesifiwa sana maishani, lakini siku zote na watu aliokuwa anakaribia kuwaibia. Kusifiwa kwa jambo alilolifanya kweli ilikuwa mara ya kwanza. Lilimgharimu kila alichokuwa nacho, na bado, mjinga huyu, alifurahi.

"Mwalimu," akasema, mifuko yake yote imepinduliwa nje, "kesho tunaendelea na nini?"

"Kesho nafunga mizigo. Nasafiri."

"Hata ngazi moja ya kuongeza?" Akamgeukia shangazi kwa sauti ya kubembeleza. "Mama, mwombee. Hiyo nitailipia mimi."

"Kwa hela gani?" Kifua akauliza.

Darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka wapakiaji wa magodoro wakaja kuchungulia dirishani, alikuwa mwalimu.